Mlingoti Ulioonekana kwa Dakika Mbili

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumtumia shemeji yangu picha nzuri. Asubuhi ile nilipiga picha kumi na nne, nikachagua moja, nikazifuta kumi na tatu.

Shemeji ni mume wa dada yangu mkubwa. Ni wakili Nairobi, mtu wa sauti kubwa na viatu vinavyong'aa, aliyeamua akiwa na miaka arobaini kwamba barabara ni za watu wasio na haraka. Akajifunza urubani. Alipopata leseni, yeye na rafiki zake wawili walinunua ndege ndogo ya injini moja, viti vinne. Leseni yake ilimruhusu kuruka akiwa anaona ardhi kwa macho yake, basi. Wingu hakuruhusiwa kuliingia, wala hakuwa amefundishwa namna ya kutoka ndani yake. Haya niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba kuna mtu wa kwetu, japo wa kuoa, mwenye ndege, na kwamba mtu huyo alinihitaji mimi.

Nyumbani ni upande wa Kitui unaoelekea Makueni, karibu na uwanja mdogo wa ndege wa changarawe ya murram uliochongwa zamani na watu waliokuja kuchimba visima. Walipoondoka, mbuzi waliurithi. Magharibi yake kuna kilima chenye mlingoti wa simu, na ndege yoyote inayotoka Nairobi hupita ubavuni mwa kilima hicho. Mpango wa shemeji ulikuwa rahisi. Kabla hajaondoka Nairobi, mimi nisimame katikati ya uwanja, nipige picha ya kilima, nimtumie.

"Mlingoti ukionekana, nakuja," aliniambia. "Usipoonekana, nangoja. Hata mtoto wa darasa la tatu anaiweza hiyo kazi."

Mimi ni fundi simu sokoni. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kuharibu simu zangu mwenyewe, moja baada ya nyingine, mpaka nikaacha kuziharibu. Kitu ulichojifunza bila mwalimu huja na hofu yake: unaishi ukingoja siku ambayo mtu aliyesoma kweli ataangalia kazi yako na kucheka. Kwa hiyo simrudishii mteja simu yenye alama ya kidole kwenye kioo. Ujumbe wa mistari miwili nauandika mara tano. Nilipopewa kazi ya kuangalia anga niliishika vivyo hivyo. Nilisoma kwenye simu kila nilichokipata kuhusu mawingu, majina yake na urefu wa matumbo yake kutoka ardhini, upepo unaoyaleta na jua linaloyaondoa. Nikajaza daftari kwa mwandiko safi. Nilijua mengi. Kitu ambacho sikukijua ni kwamba nilikuwa mwoga.

Ilikuwa Julai. Kwetu Julai ni baridi isiyo na mvua. Wingu hukaa juu ya vilima tangu alfajiri, zito, la chini, likidondosha manyunyu yasiyotosha kulowesha hata vumbi, kisha kwenye saa sita hivi huinuka. Shemeji hakutaka kungoja saa sita. Alikuwa anakuja kuona shamba lililokuwa likiuzwa, na kaka yake mama, mjomba wangu, alikuwa ameshawaambia watu wa soko zima kwamba mkwe anashuka kutoka juu saa tatu.

Picha ya kwanza ilikuwa ya kijivu tupu, kana kwamba nimepiga blanketi. Niliona aibu. Wingu halikunisumbua, kilichonitia aibu ni ile picha. Nikafuta lenzi kwa ncha ya shati, nikapiga nyingine, nayo ikatoka blanketi. Nikabadilisha mahali pa kusimama. Nikapiga tena na tena, zote zikitoka mbaya, nikimwona kichwani jinsi atakavyozifungua na kusema, huyu naye nilimpa kazi ya nini.

Halafu wingu likapasuka. Mlingoti ukatokea mzima, umesimama wima, na kijua kidogo kikiupiga ubavuni. Nilipiga tatu haraka haraka. Moja yake ilikuwa nzuri hasa: kilima katikati, mstari wa ardhi umenyooka, hakuna mbuzi. Niliituma na kuandika, "Mlingoti unaonekana vizuri."

Baada ya dakika mbili wingu lilifunga.

Nilipiga mbili zaidi. Blanketi. Nilizitazama kwa muda, kidole juu ya kitufe cha kutuma. Niliwaza: nikimtumia hizi atauliza mbona nilituma ile ya kwanza. Ataona sina uhakika. Nikazifuta, na zile nyingine zote nikazifuta pamoja nazo, ili nikiiangalia simu yangu nione picha moja tu, iliyo safi.

Saa tatu na robo nilisikia injini juu ya wingu. Ikapita. Ikarudi. Ikaenda mbali kabisa, ikarudi ikiwa chini zaidi, sauti yake ikipanda na kushuka kama mtu anayegombana na mtu asiyemjibu. Nilisimama pale na simu mkononi. Iliendelea hivyo kwa dakika ishirini na tano. Kisha ndege ikachomoka kusini, mahali ambapo sikuwa nikiangalia, chini mno, bawa moja likielekea ardhini. Akaiweka sawa, akaigonga kwenye murram, ikaruka, akaigonga tena.

Alikaa ndani huku injini imezimwa. Aliposhuka shati lake lilikuwa limelowa mgongoni, na ilikuwa siku ya sweta.

"Wewe," alisema. "Wewe!"

"Karibu, shemeji."

"Karibu nini? Mlingoti uko wapi? Nionyeshe mlingoti!"

Tuligeuka pamoja. Hata kilima chenyewe hakikuwepo.

"Ulikuwa unaonekana," nikasema. "Picha ina saa."

"Picha ina saa," akaniiga, akiibana sauti yake iwe nyembamba kama yangu. "Profesa wa simu! Nimekaa mle ndani nikijua niko sawa, kumbe ndege imelala ubavu. Unajua hiyo ni nini?"

Sikujua. Niliomba msamaha mara nyingi, na katika zile mara zote sikutaja zile picha nilizozifuta.

Lakini kilichotokea mezani kwa mjomba, saa mbili baadaye, ndicho kilichonitisha zaidi, na nilikiona kikitokea. Kuku alikuwa bado moto. Mjomba aliuliza, "Sasa mkwe, huko juu si kulikuwa na wingu?" Shemeji alimwangalia mjomba, akaona yale macho ya kutaka hadithi. "Lilikuwepo," akasema. "Nilipenya." Mjomba akapiga meza kwa kiganja. Walipofika kwenye nyama ya pili shemeji alikuwa ameshaingia wingu kwa makusudi, na walipomaliza alikuwa anatueleza kwamba waoga ndio wanaosema haliingiliki. Mimi nilikuwa nimeshika birika na karai, nikiwanawisha. Ningeweza kusema: hukupenya, ulibahatika, na uliingia mle kwa sababu yangu. Nilimmiminia maji. Akakung'uta vidole, matone yakaniruka usoni.

Baada ya hapo nilisoma upya, safari hii nikitafuta alichoniuliza. Nilikielewa siku niliyojifanyia jaribio dukani. Nina kiti cha kuzunguka nilichokiokota kwenye ofisi iliyohama. Nilikaa, nikafumba macho, nikamwomba mama anayeuza nguo jirani anizungushe polepole bila kuacha, kwa mwendo uleule. Mwanzo nilihisi nazunguka. Baada ya muda nikahisi kiti kimesimama. Nikamwambia, "Mbona umeacha?" Akacheka, "Sijaacha, bado nakuzungusha." Nilipofumbua macho ukuta ulikuwa unapita. Nikayafumba tena kwa muda, naye aliponisimamisha, nilihisi nazunguka upande wa pili, nikashika meza nisianguke.

Ndivyo rubani anavyokufa ndani ya wingu, na hakuna cha ajabu ndani yake. Sikio, ambalo ndilo linalopima mizani ya mwili, linamwambia uko sawa, na hayuko sawa. Mbele yake kuna kioo kidogo kinachoonyesha kama ndege imelala au imenyooka, lakini mwili mzima unakataa kukiamini, na asiyezoezwa huutii mwili. Anazunguka akishuka huku akihisi amekaa kitini mwake salama salimini. Waliozoezwa wanafundishwa kwa muda mrefu kuudharau mwili wao. Shemeji hakuwa amefundishwa. Yeye alifundishwa na mjomba kwa kupigiwa meza.

Nilimwandikia ujumbe. Niliuandika usiku, nikausahihisha asubuhi, nikaona neno moja halijakaa vizuri. Nilibaki nao miezi minne. Si uongo wala si mzaha: miezi minne nikitafuta sentensi bora ya kumwambia mtu kwamba karibu nimuue. Wakati huo yeye alikuwa akiruka. Dada alinisimulia kwenye simu jinsi mumewe siku hizi "haogopi hali ya hewa", nami niliitikia, "Mm."

Novemba walimleta mtoto. Alikuwa na miezi mitano na mama yangu hakuwa amemshika. Walikuja kwa ndege asubuhi, mbingu ikiwa buluu na mlingoti wazi. Nilituma picha moja, na mara hiyo haikuhitaji kuchaguliwa.

Hapa inabidi niseme jambo la kwetu. Wakamba tuna kitu kinachoitwa nthoni. Ni heshima na haya kwa pamoja, kati ya mtu na wakwe zake, na kati ya mwanamume na mama mkwe wake ndipo huwa kali zaidi. Hali chakula mbele yake. Hamwangalii usoni. Wakikutana njiani, mmoja huacha njia. Na halali kamwe katika boma lake. Familia nyingi za kanisani kwetu zimeilegeza. Wanasalimiana kwa mkono na hakuna aliyekufa. Yetu haijalegeza. Mama anaimba kwaya, ana simu ya kutuma picha, anaweka dawa kwenye mahindi kama ilivyoandikwa kwenye mfuko, lakini kwa miaka saba ya ndoa ile hakuwa amemwambia shemeji hata sentensi moja. Alichotaka kumwambia alimpa dada amfikishie.

Wakati shemeji ananunua ndege hakuna aliyelifikiria jambo hili. Mtu aliyekuja ukweni kwa gari, mvua ikinyesha, ataondoka ndani ya mvua. Aliyekuja kwa ndege inabidi angoje kesho, na mkwe hana kesho ukweni. Lazima aondoke jua likiwa juu.

Kwenye saa nane mawingu yalianza kujijenga magharibi. Nilitoka na kutazama kila dakika kumi. Saa tisa vichwa vyake vilikuwa vyeupe kama pamba na matumbo yake ya rangi ya sufuria ya zamani. Nilienda chini ya kibanda alikokuwa ameketi na mjomba.

"Shemeji, ni heri ungoje."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka kesho."

Mjomba alicheka hadi akashika goti. "Kesho! Alale wapi? Kwa mama yako? Ama utampa kitanda chako, na wewe ulale na simu zako?"

"Kuna bodaboda," nikasema. "Kitui mjini kuna lojingi nzuri."

"Nilale lojingi," shemeji alisema polepole, "kama dereva wa lori, na ndege yangu ikae na mbuzi."

"Mkwe hashikwi miguu," mjomba akakata. "Akisema anaenda, anaenda. Wewe hata mke huna, utajuaje mambo ya wakwe?"

Nilienda jikoni. Mama alikuwa akifunga ndengu na kuku aliyechinjwa kwenye kikapu cha safari. Hakugeuka.

"Mawingu yale ni ya kupita?"

"Si ya kupita, mama."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Mwambie tena. Mimi siwezi." Akavuta kamba ya kikapu kwa nguvu ikakatika. "Ungekuwa unasema kama unavyojua."

Maneno yake hayo yaliniuma kwa sababu yalikuwa sahihi. Nilikuwa nasema kama mtu anayeomba kazi.

Saa kumi walikuwa uwanjani. Dada alikuwa ameshakaa nyuma, mtoto kifuani amefungwa kwa leso. Shemeji alizunguka ndege akiikagua mbiombio, akigusa hiki na kile bila kukiangalia. Kilima kilikuwa kimetoweka. Upepo ulikuja ukiwa na harufu ya udongo uliolowa mahali pengine, na ngurumo ikafuata, fupi, kavu. Watu waliokuwa wakirudi kutoka mashambani walipita kando ya uwanja wakishangilia. Walikuwa wamepanda wiki mbili zilizopita, na mbegu zilikuwa zinakauka. Mwanamke mmoja aliinua jembe juu na kusema, "Mungu ametukumbuka!" Nilimchukia. Nilikuwa naichukia mvua Ukambani, mwezi wa Novemba, kitu ambacho sijui kama kuna mtu amewahi kukifanya kabla yangu.

"Shemeji, mlingoti hauonekani."

"Nina macho."

"Basi ngoja."

"Hata Julai haukuonekana," alisema, "na nilipita."

Lile jibu nilikuwa nimelitengeneza mimi, nikalinawisha mikono, na sasa lilikuwa linampandisha dada yangu ndani ya wingu.

"Julai hukupita. Julai ulitokea tu. Nilipiga picha kumi na nne, shemeji. Mlingoti ulionekana kwenye tatu. Ulionekana dakika mbili ukapotea, na nilijua umepotea, na sikukwambia."

"Mbona?"

"Zile nyingine zilikuwa mbaya."

"Mbaya vipi?"

"Hazikuwa safi."

Aliniangalia kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Ulinipeleka mle ndani," akasema, "kwa sababu ulitaka picha safi?"

"Ndiyo."

Nilidhani atanipiga. Nilitaka anipige, kwa sababu mtu anayepigana haruki. Lakini sauti iliyofuata haikuwa yake.

"Mle ndani wapi?" dada aliuliza kutoka nyuma.

Shemeji alijifanya anakagua bawa.

"Mume wangu, nakuuliza. Mle ndani wapi? Si uliniambia Julai uliona chini safari nzima?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba ile hadithi ya kupenya aliwapa wanaume mezani tu. Nyumbani alipeleka nyingine.

"Tutaongea tukifika," shemeji alisema.

"Tukifika wapi? Nifungulie."

"Kaa. Unamwamini fundi simu?"

"Ameungama," dada alisema. "Wewe je?"

Mama alikuwa ukingoni mwa uwanja, amesimama kama inavyompasa, mgongo kwetu, leso imemfunika kichwa. Niliona leso ikigeuka. Akaja. Hakukimbia, alitembea kama anavyotembea kwenda kumshusha mtoto mtini. Mjomba alipaza sauti, "We! We, rudi!" Hakurudi. Alipita mbele yangu, akasimama hatua mbili kutoka kwa mkwe wake, akamtazama usoni na kunyoosha mikono yote miwili.

Alisema kwa Kikamba, "Nipe mtoto."

Hayo tu. Shemeji, wakili, mtu asiyeogopa hali ya hewa, aligeuza uso wake na kuufunika kwa kiganja. Nadhani mkono ulifanya wenyewe. Alipokuwa hivyo, dada alijifungulia mlango, akashuka na mtoto, akamweka mikononi mwa mama, na wote watatu wakatembea kuelekea nyumbani bila kugeuka.

Ningependa kusimulia kwamba baada ya hapo alizima kila kitu na kwenda Kitui. Asingeweza. Mama mkwe amemsemesha mbele ya watu, mke ameshuka mbele ya watu, fundi simu amemwambia hajui kuruka. Kama kabla ya hapo kubaki kulikuwa kugumu, sasa kulikuwa hakuwezekani, na niliyefunga ule mlango ni mimi. Ukweli ule nilikuwa nao miezi minne. Ningemwambia Agosti, tukiwa wawili, angetukana na kunisahau. Niliuweka mpaka ukawa silaha.

"Mmemfukuza mkwe," mjomba alisema.

Ndege ilikimbia, ikainuka, ikapinda magharibi. Haikufika kilima. Wingu liliichukua kama maji yanavyochukua jiwe, isipokuwa kwamba sauti ilibaki, ikipanda na kushuka, ile ile ya Julai. Kisha mvua ikafika uwanjani na sikusikia tena.

Tulikaa nyumbani. Mvua kwenye mabati ilikuwa kubwa kiasi kwamba mtu angelazimika kupiga kelele, na hakuna aliyetaka. Dada alipiga simu, akaambiwa mteja hapatikani; akapiga tena. Nilihesabu mara kumi na tisa kisha nikajikataza kuhesabu. Mtoto alilala mapajani mwa mama, mdomo wazi. Mjomba alisimama katikati ya chumba na kuanza kuomba kwa sauti, akimweleza Mungu kuhusu vijana wasio na adabu.

"Mjomba," dada alisema, "omba kimya."

Akakaa. Dada akanigeukia. Macho yake yalikuwa makavu.

"Akifa," akasema, "sitakuambia si kosa lako."

"Najua."

"Akiishi pia sitakuambia."

Saa moja kasoro simu iliita. Dada aliiweka juu ya meza ili wote tusikie. Mwanzoni kulikuwa na malori tu, honi na breki, kisha sauti ndogo ambayo sikuitambua.

"Niko Mtito Andei."

Mtito Andei iko upande mwingine kabisa, kusini, kwenye barabara ya Mombasa. Tulimsikia akikohoa. Alisema alipoingia alijaribu kugeuka arudi, na hakujua tena ni wapi nyuma. Kioo kilimwambia amelala ubavu na mwili ukamwambia kioo kimeharibika. Alisema alimtukana yule aliyekitengeneza. Mara wingu likamtema, mti ukiwa karibu na bawa kuliko alivyowahi kuona mti akiwa angani, na chini yake kukawa na mto. Aliufuata. Hakujua ni upi. Ulikuwa ni Athi, ukimpeleka mahali ardhi inapoteremka na mawingu yanabaki juu. Aliona reli, akaona malori, akaona uwanja. Mafuta yalikuwa ya kunusa tu.

"Utalala wapi?" dada aliuliza.

"Hapa. Kuna lojingi ya madereva."

Dada aliinama juu ya simu. "Kumbe lojingi unaweza kulala," akasema, na akaikata. Ndipo akalia, akimpiga mjomba ngumi begani, sijui kwa nini yeye, na mjomba akakubali kupigwa.

Ndege ilirudishwa Nairobi na rubani mwingine. Shemeji huwaambia watu kwamba nusura nimuue. Ni kweli. Mimi huwaambia kwamba nusura amuue dada yangu na mtoto wake, nayo ni kweli, na kweli hizi mbili hazijawahi kusalimiana. Sijamsamehe ile sentensi ya "nilipita". Yeye hajanisamehe picha. Watu wa kanisani wanatuhimiza tupatane. Mimi nawaambia wasituharakishe. Mjomba alitaka mama apeleke mbuzi kwa wakwe kwa kuvunja nthoni. Mama alijibu kwamba alisema maneno mawili tu, na hajasikia mahali popote mbuzi akichinjwa kwa maneno mawili.

Nasikia shemeji amerudi kwa mwalimu, anajifunza kuruka kwa vioo, amevalishwa kofia ya kumziba asione nje, aone vioo tu. Ni heri. Sijaenda kuangalia.

Kilichobadilika ni haya. Dada na mtoto hawapandi ile ndege. Nikiulizwa kuhusu anga nasema ninachoona dakika hiyo, nikiwa sijui nasema sijui, na nasema mara ya kwanza. Na mama aliomba chumba kwa jirani wa pili, nje ya boma letu, akaweka kitanda na neti, ili mkwe akishindwa kuondoka awe na mahali pa kulala pasipomvunjia mtu heshima. Shemeji amelala huko mara mbili. Mara zote mbili alikuja kwa gari.